Nusu Yangu ya Ukuta

Mume wangu na mimi tukinuniana, kazi huenda mbio. Sijui wenzetu wanafanyaje. Labda mmoja hurudi kwao, mwingine huzurura mpaka hasira zishuke. Sisi tunagawana vyumba. Jiko tulilimaliza kwa ugomvi wa aina hiyo: yeye akipaka chokaa upande wa dirisha, mimi nikisugua sakafu upande wa mlango, hakuna anayemwambia mwenzake neno, na kila mmoja akitaka kazi yake iwe safi kuliko ya mwenzake. Sebule vilevile. Ukija kwetu ukaona mahali panapong'aa, jua hapo tuligombana.

Kwa hiyo vilipobaki vyumba viwili vya chini, ubavu kwa ubavu, chini ya chumba cha mama mkwe, na sisi tukakosana tena, sikuona ajabu. Nikachukua cha kushoto, yeye akachukua cha kulia. Katikati yetu ukabaki ukuta.

Nyumba yenyewe ni ya babu yake mume wangu, ya ghorofa moja, kuta za mawe na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Ndani ya kuta hizo hamna nondo wala saruji. Sakafu ya juu imelazwa juu ya boriti za mti, na vichwa vya boriti vimeingizwa ukutani. Ule ukuta wa katikati ndio uliobeba boriti za pande zote mbili. Leo nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Wakati ule nilijua tu kwamba ni ukuta mnene na unanipunguzia nafasi.

Tulikosana kwa sababu ya plasta. Nilikuwa nimeupiga plasta ukuta wa ngazi peke yangu, mikono ikachubuka, mgongo ukakakamaa. Nilipomaliza, mume wangu akasimama chini ya ngazi, akainamisha kichwa kama fundi mkuu, akasema, "Hii plasta ina mawimbi. Mtu akipanda hapa atatapika." Nilishambandika jina la Injinia, maana ujenzi wote aliujua kwa kutazama video kwenye simu. Angesema tukiwa wawili ningemtupia mwiko, yakaisha. Lakini alisema mbele ya mama yake, na mama yake, aliyekuwa amekaa kitini kule juu kwenye mlango wa chumba chake, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi harusi wetu katujengea bahari," akasema.

Ndoa ilikuwa imeshazeeka, lakini mama bado aliniita bibi harusi, na sikuwahi kujua kama ananipenda au ananicheka. Siku hiyo nikala yamini kwamba mwanawe hatasikia sauti yangu mpaka aombe radhi. Naye, kwa kuwa ni mtoto wa mama yule, akanuna kunishinda.

Tukawa tunasemezana kupitia kwa mama. Mama alikuwa amevunjika nyonga. Hakuweza kushuka ngazi. Alitoka kitandani mpaka kitini kwa mkongojo, basi. Kwa hiyo akawa posta yetu. Nikimpandishia chai nasema, "Mama, mwambie mwanao arudishe ndoo yangu." Injinia akipanda anaambiwa, na jibu linanifikia baadaye: "Mumeo anasema ndoo ni ya nyumba nzima." Mama alikipenda cheo hicho. Nadhani tangu avunjike hakuna aliyekuwa amempa kazi.

Chumbani mwangu nikaanza kuchimba shubaka. Nilitaka shubaka kubwa, upana wa dirisha, la kuweka taa na vitabu, kwa sababu chumba kilikuwa chembamba na kabati lingekiziba. Niliupima ukuta kwa mkono pale ulipoishia ukumbini: mkono mzima, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Nikajiambia, nikichimba mpaka kwenye kiwiko itabaki nusu nyingine, na nusu ya ukuta huu inawatosha watu wa siku hizi kujengea nyumba nzima.

Hesabu yangu ilikuwa sawa. Ubaya ni kwamba upande wa pili alikuwepo mtu mwenye hesabu ileile. Injinia alikuwa anachimba kabati la kuzama ukutani, la kutunzia vifaa vyake, na alikuwa anachimba mahali palepale, kimo kilekile, maana watu wawili waliooana miaka mingi huweka vitu kwenye kimo kimoja. Niliisikia nyundo yake nikadhani anabandua plasta ya zamani. Yeye akaisikia yangu akadhani vivyo hivyo. Tungekuwa tunasemezana ningemwambia, "Nachimba shubaka," angeniuliza, "Wapi?" na mambo yangeishia hapo.

Hofu ilianza na mchanga. Kila asubuhi nilipoingia nilikuta kwenye kitako cha shubaka kichuguu kidogo cha mchanga mwekundu, laini kama unga uliochekechwa. Nafagia, naenda kunywa chai, narudi, kipo tena. Nilijipa moyo kwamba ni vumbi la kazi. Lakini vumbi la kazi hutua kila mahali, na mchanga huu ulitoka sehemu moja tu, juu, kwenye ufa mwembamba kama uzi. Nilipoweka sikio ukutani niliusikia ukishuka ndani kwa ndani, chururu, chururu. Nyundo ya upande wa pili ilipogonga ulinyamaza kidogo, halafu ukaendelea.

Mtu mwenye akili zake angetoka akamwita mumewe. Mimi nikapanda kwa mama.

"Mama, mwambie mwanao asigonge kwa nguvu. Nyumba ya zamani hii."

Mama akanitazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Ajabu. Na yeye asubuhi kaniambia nikwambie wewe upunguze."

Nilishuka ngazi taratibu, nikishika ukuta. Hofu yangu mwenyewe nilikuwa nimeshaizoea. Lakini kwamba Injinia naye anaogopa, na hasemi, hilo ndilo lililonitisha. Nikarudi chumbani, nikaichukua tindo yangu ya kuchimbia, nikaendelea. Ningeacha kuchimba angesikia kwamba nimeacha, na angejua kwa nini.

Siku iliyofuata mlango wa mama ukakaza.

"Bibi harusi!" akaita kutoka juu. "Mlango wako umekataa kufunga!"

Ulikuwa wangu kwa sababu mimi ndiye niliyeupiga randa na kuupaka rangi. Nikapanda, nikaukagua. Pembe ya juu ilikuwa inakwaruza fremu. Jana ulikuwa unafunga vizuri. Nikausukuma kwa bega, ukafunga kwa kishindo, na kitu fulani chini ya sakafu kikajibu kwa mlio mfupi, mkavu. Mama akanitazama, nami nikamtazama.

"Rangi imevimba," nikasema.

"Rangi," akasema mama.

Fremu ilikuwa imepinda. Niliona kwa macho yangu kwamba upande mmoja umeshuka, kiasi cha unene wa kidole, nikajitia hamnazo. Ukishaiona hatari kwa macho lazima ufanye kitu, na kitu cha kufanya kilikuwa kwenda kuzungumza na mume wangu. Mtu anaweza kuogopa kuaibika kuliko anavyoogopa kufa. Mimi nilikuwa mtu huyo, na chumba cha pili alikuwamo mwingine.

Ikafika mchana ule. Tulikuwa tumeshakula, kila mmoja kona yake. Mama alikuwa amejilaza, mlango wake umefungwa. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya shubaka, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, nikisawazisha nyuma kwa tindo ndogo. Nilikuwa nimeamua hayo ndiyo mapigo ya mwisho. Nyundo ya Injinia ilikuwa inalia karibu mno. Nilidhani ni masikio yangu.

Ghafla jiwe la nyuma likatikisika lenyewe. Likarudi nyuma, likapotea, na mahali pake pakatokea ncha ya tindo ya chuma, ikasimama mbele ya pua yangu. Kisha ikachomolewa. Mwanga ukaingia. Na katika mwanga huo nikaona jicho la mume wangu.

Tulitazamana. Sikuwa nimeliona jicho lile kwa karibu tangu siku ya plasta. Lilikuwa limejaa vumbi, na nadhani alitaka kucheka, maana kope zilikunjamana. Nami kicheko kilinifika kooni. Ingekuwa siku nyingine tungepatana palepale, kupitia tundu.

Ndipo ukuta ukaanza kumwaga. Mchanga haukudondoka tena kwa kidogo kidogo; ulimiminika kama mtu amepasua gunia, kutoka juu ya shubaka lake na langu kwa pamoja. Jiwe moja likaanguka, likafuata la pili. Juu, boriti ikalia. Nimewahi kusikia mlango ukilia, na mti ukilia kwenye upepo. Boriti yenye mzigo inalia kwa sauti nzito, ya chini, na mifupa huisikia kabla ya masikio.

"Toka hapo!" Injinia akapiga kelele. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Mama," nikasema. Hilo ndilo lililokuwa langu.

Alizunguka mbio kupitia ukumbini akaingia chumbani kwangu, nywele nyeupe kwa chokaa. Akatazama juu, nami nikatazama. Kichwa cha boriti ya kati kilikuwa kimeteremka, ukuta chini yake umebonyea, na ufa uliokuwa kama uzi sasa ungeweza kuingiza ngumi. Boriti ile ndiyo iliyoshika sakafu ya chumba cha mama, kuanzia mlango wake hadi kibaraza kidogo cha juu ya ngazi. Kitanda cha mama kilikuwa upande wa mbali, chini ya dirisha, na dirisha lina vyuma. Hakukuwa na njia ya kumtoa isipokuwa kupita juu ya boriti ileile.

Injinia aligeuka mbio. Alitoka, akarudi na nguzo ndefu ya mti tuliyokuwa tukiitumia kwenye jukwaa la kupakia rangi. Akaiegemeza chini ya boriti, akaipigilia kwa nyundo mpaka ikakaza. Boriti ikanyamaza. Tukashusha pumzi.

Kisha kitako cha nguzo kikateleza.

Sakafu ile niliimaliza mwenyewe. Niliisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa kama sahani, na nilijisifu sana kwa ajili yake. Sasa nguzo ilikuwa inateleza juu yake polepole, kuelekea ukuta wa pili, na boriti ikaanza tena kulia. Injinia akajitupa chini. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa pili, akanyoosha miguu, akaikanyaga nguzo kwa nyayo zote mbili. Ikasimama. Miguu yake ilikuwa inatetemeka hadi mapajani.

"Nitafute kitu cha kuzuia," nikasema.

Nikatazama huku na huku. Chumbani hamkuwa na kitu kizito zaidi ya ndoo ya chokaa na mimi.

"Nishike mimi, wewe ukamlete Mama," nikasema. Nikakaa karibu yake, mgongo ukutani, nikanyoosha miguu. Haikufika. Ilibaki nafasi ya kiganja kati ya nyayo zangu na nguzo, na nafasi ile sitaisahau.

"Nenda," akasema Injinia. Jasho lilikuwa linachora mistari kwenye chokaa usoni mwake. "Mbebe. Ukifika nje, niite. Nikikusikia natoka."

"Na kama..."

"Nenda, mke wangu. Miguu inaniisha."

Nikaenda. Nilipanda ngazi kwa ncha za vidole, nikikanyaga karibu na ukuta, na kila kipandio nilikiomba radhi. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaogopa kwamba mdundo wenyewe utaangusha kitu. Kibaraza cha juu kilikuwa kimeinama. Kidogo tu, lakini mguu unajua.

Mlango wa mama haukufunguka. Nikasukuma kwa kiganja, ukagoma. Nikasukuma kwa bega, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, ukagoma. Nikasikia mkongojo ukigonga upande wa pili.

"Nani? Bibi harusi? Nini kinalia huko chini?"

"Mama, usitembee. Kaa hapo hapo. Usikanyage!"

Nikapitisha tindo kati ya mlango na fremu. Sikumbuki kuwa niliibeba, lakini ilikuwa mkononi. Nikaikandamiza, mbao zikapasuka, mlango ukafunguka nusu, na sakafu yote ikashuka chini ya miguu yangu kiasi cha unene wa sarafu. Kutoka chini nikamsikia mume wangu akitoa mguno, kama mtu aliyeongezewa mzigo mgongoni.

Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba na mkongojo wake, kanga imemlegea kichwani. Alikuwa ameshaona ufa uliokatiza sakafu kutoka mlangoni hadi karibu na miguu yake. Nikapita pembeni, nikiufuata ukuta, nikachuchumaa mbele yake, nikampa mgongo.

"Utaniweza?"

"Panda, mama."

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na mwenye mifupa mingi. Mikono yake ikanizunguka shingoni. Nikashika mapaja yake, nikasimama, nikaanza kurudi nilikotoka, ubavu ukisugua ukuta. Nilikuwa naongea na sakafu kimoyomoyo. Nilikuwa naiambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu.

"Mwanangu yuko wapi?" mama akauliza sikioni mwangu.

"Chini."

"Chini wapi?"

"Anashikilia nguzo. Tukitoka anatoka."

Tulikuwa tumevuka mlango. Nikaweka mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza, na mwingine bado ulikuwa kibarazani, juu ya boriti. Nikahisi kifua chake kikijaa pumzi mgongoni mwangu.

"Baba!" akaita. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita mwanawe tangu utotoni. "Baba, tumetoka! Achia! Toka!"

Aliita vizuri sana. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama uani, kwenye jua. Nilisimama palepale, na kwa muda mfupi hata mimi niliona kama tumetoka. Kisha nikaisikia nguzo chini yetu ikikwaruza sakafu.

Nilifungua mdomo kupiga kelele, na kiganja cha mama kikanifunika. Alikibana kwa nguvu, pua na mdomo pamoja. Sikuwahi kujua kwamba mkono ule unaweza kuwa na nguvu kiasi kile.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Nyamaza, mwache mwanangu."

"Mke wangu?" Sauti ya Injinia ilitoka chini, imekatika pumzi. Alikuwa anamjua mama yake. "Mke wangu, mmetoka? Sema wewe!"

Sikuweza kusema. Mikono yangu miwili ilikuwa imeshika mapaja yake. Ningeachia mmoja angeanguka ngazini kichwa chini. Nikatikisa kichwa, kiganja kikanifuata. Nikanguruma ndani yake, sauti ikaishia puani. Kibaraza kikashuka tena. Vumbi likapanda kutoka kwenye nyufa, na nguzo kule chini ikakwaruza mara ya pili.

"Nijibu!" akalia Injinia. "Naachia au nisiachie?"

Nikang'ata. Niling'ata kidole cha mama mkwe wangu kwa meno yote, mpaka nikasikia ladha ya damu, na alipovuta mkono nikapiga kelele.

"Bado! Tuko juu! Usiachie!"

"Mama kasema..."

"Mama anadanganya! Shikilia!"

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilisikia nyayo zake zikipiga nguzo, paa, paa, akiirudisha, akilia kwa sauti kwa kila pigo. Mume wangu alikuwa na njia ya kutoka, mlango uko wazi mbele yake, na mimi nilikuwa nimemfungia chini ya mzigo ule kwa mdomo wangu. Kila kipandio nilichoshuka nilikishuka kwa miguu yake. Nilimwogopea yeye, nikajiogopea mimi, na nilimwogopa yule niliyembeba, ambaye sasa alikuwa analia kimyakimya na machozi yake yananitiririkia shingoni. Sikukimbia. Ningekimbia ningeteleza. Nilishuka kama nimebeba maji.

Ukumbi. Mlango wa mbele. Kizingiti. Jua.

"Tumetoka!" nikaita, na sauti ilikuwa imenikauka. Nikaita tena, "Tumetoka! Kimbia! Kimbia, mume wangu!"

Haikutokea kitu. Nikaita mara ya tatu, bila maneno, sauti tu. Nikasikia nguzo ikianguka kwenye sakafu yangu, kishindo kikubwa, na baada yake nyumba ikavuta pumzi na kuitoa yote kwa mpigo. Vumbi jekundu likaruka mlangoni likatufunika. Sikuona kitu. Nilisimama na mama mgongoni, nikitazama mahali ambapo mlango ulikuwepo, na nikaanza kufikiri jinsi nitakavyoishi baada ya kumwambia mtu "shikilia".

Akatoka kwa magoti. Alitambaa kupitia vumbi, akavuka kizingiti, akalala kifudifudi kwenye changarawe, akikohoa. Nikamweka mama chini, nikamkimbilia, nikampapasa kichwa, mabega, mgongo. Mguu mmoja ulikuwa umechubuka kuanzia gotini na haukutaka kusimama. Mengine yote yalikuwapo.

Fundi cherehani anayekaa mkabala nasi alikuja mbio na wateja wake wawili, futi bado imening'inia shingoni. Wakamkalisha Injinia, wakamletea maji. Kupitia mlango tuliona kitanda cha mama kimeshuka chini, kimelala katikati ya vyumba viwili vilivyokuwa sasa chumba kimoja. Mto ulikuwa bado juu yake. Fundi akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema leo mama alale kwake, kuna kitanda cha ziada, tena hakuna ngazi.

Injinia akamtazama mama yake kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayehesabu. Macho yake yakaishia mkononi.

"Mama, kidole kimefanya nini?"

Damu ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mkono. Alama za meno zilikuwa wazi. Mtu yeyote angeziona. Mama akakikunja kidole ndani ya kanga.

"Mlango," akasema. "Ulinibana."

Injinia akageuka kunitazama. Nilikuwa na damu midomoni, naijua ladha yake mpaka leo. Wale wateja wakamshika huku na huku, wakaanza kumvusha barabara, naye akirukaruka kwa mguu mmoja.

Tukabaki wawili, mimi na mama, tumekaa kwenye changarawe. Mama akawa anaitazama nyumba. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimemng'ata mtu mzima, mama wa mume wangu, na nilikuwa tayari kupokea lolote.

"Nilikuwa tayari," akasema mwishowe. "Nimeshaishi mimi. Nilitaka yeye atoke."

"Mimi sikuwa tayari, mama."

Akanigeukia. Akanitazama usoni kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyemkuta mgeni chumbani mwake.

"Nilisahau," akasema. "Wallahi nilisahau kama nimebebwa."

Niliona kwamba ni kweli. Hakunichukia, wala hakunipima na mwanawe akaniona mwepesi. Hakuwa amenipima kabisa. Nilikuwa mgongo tu, na ngazi, na miguu ya kushukia. Nilitafuta hasira yangu, ile inayonijia upesi kwa ajili ya plasta na ndoo, na sikuikuta. Nilikuta hofu peke yake, na nyumba ilikuwa imeshaanguka.

Upande wa pili wa barabara fundi alikuwa ametufungulia mlango. Injinia alikuwa ameshaingizwa ndani. Mkongojo wa mama ulikuwa umezikwa pamoja na vitu vyake vyote.

"Twende," akasema mama, akanyoosha mikono.

Nikachuchumaa mbele yake, nikampa mgongo. Akapanda. Mikono yake ikanizunguka shingoni, na kiganja kile kilipopita karibu na mdomo wangu nikaanza kuhema haraka haraka, nikivuta hewa yote niliyoweza kuipata, kisha nikasimama naye.